Ukimdai Mtu wa Ng'ambo ya Mpaka, Anza na Mali Yake

Wafanyabiashara wa Bungoma na Kitale hawahitaji kuambiwa kwamba Uganda ni jirani. Maharagwe, vitunguu, mahindi na ndizi huingia kupitia Lwakhakha, Suam na Malaba, na bidhaa za viwandani huelekea Mbale na Kapchorwa. Mbukusu wa Sirisia na Mgisu wa Mbale husalimiana bila mkalimani. Msabaot wa Kapsokwony ana shangazi na wajomba upande wa Sebei. Kwa ujirani huo, biashara nyingi hufanywa kwa neno la mdomo, na pesa hutumwa kwa simu kabla mzigo haujapakiwa.

Ila daraja la Lwakhakha ni mpaka wa sheria pia. Hakimu wa Bungoma akitoa amri, amri hiyo haina nguvu Mbale mpaka mahakama ya Uganda iipokee. Dalali wa mahakama mwenye leseni ya Kenya hawezi kufunga ghala lililoko Kapchorwa. Watu wengi hulijua jambo hili wakiwa wamekwisha kushinda kesi, wameshika hukumu mkononi, na mdaiwa yuko ng'ambo anaendelea na biashara zake.

Ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kuchagua mahakama, na ikiwezekana kabla ya kutia sahihi mkataba, ujue mali ya mwenzako iko wapi. Mambo mengine yote, yaani mahakama gani, sheria ya nchi gani, msuluhishi au hakimu, yafuate jibu la swali hilo.

Tuchukue mfano

Mama mmoja anauza nafaka soko la Chwele. Anaagiza magunia 200 ya maharagwe ya nambale, ya kilo 90 kila moja, kutoka kwa muuzaji wa Mbale. Bei ni KSh 9,000 kwa gunia, jumla KSh milioni 1.8. Analipa nusu, yaani KSh 900,000, na wanakubaliana mzigo ushushwe Chwele baada ya siku kumi. Siku kumi zinapita, kisha mwezi. Muuzaji anasema bei imepanda, aongezewe. Baadaye hapokei simu.

Watu wengi hapo hukimbilia polisi. Wanataka muuzaji akamatwe akionekana tu Malaba. Deni peke yake si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Kama ulidanganywa tangu mwanzo, kwa mfano mtu alijifanya ana ghala asilokuwa nalo, hapo pana kosa la ulaghai na una haki ya kuandikisha taarifa. Lakini mtu aliyepokea amana kwa nia njema kisha akashindwa kuleta mzigo ni mdaiwa, na njia yake ni madai. Kumkamata kwa hila mpakani au kuzuia lori lake kwa kutumia vijana kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Mama huyu akae chini aandike mali zote za muuzaji anazozijua. Tuseme ziko tatu. Kuna ghala Mbale. Kuna lori lenye jina lake ambalo hushusha ndizi Bungoma mjini kila wiki. Na kuna mfanyabiashara wa Kitale aliyechukua mahindi kwake na bado hajalipa. Ghala liko Uganda, lakini lori na lile deni la Kitale viko Kenya, kwa kuwa hata pesa ambazo mdaiwa wako anamdai mtu mwingine ni mali, na mahakama inaweza kuamuru zilipwe kwako. Hesabu hiyo ndogo inampa jibu: ashtaki Kenya. Kama mali pekee ingekuwa ghala la Mbale, ningemshauri afikirie kushtaki Mbale moja kwa moja, au ajiandae kuivusha hukumu ya Kenya hadi huko, kazi yenye gharama na masharti yake.

Kushtaki upande wa Kenya

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya hukuruhusu kushtaki mahali mdaiwa anapoishi au anapofanyia biashara, au pale ambapo chanzo cha madai kimetokea, chote au sehemu yake. Ndiyo maana maneno "mzigo utashushwa Chwele" yana uzito. Mkataba uliovunjwa Chwele ni mkataba uliovunjwa ndani ya Kaunti ya Bungoma.

Ngazi ya mahakama hutegemea kiasi. Madai yasiyozidi KSh milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Mahakama hiyo inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, si lazima uwe na wakili, na haikazii mno taratibu za ushahidi. Inafaa zaidi pale mdaiwa anapopatikana upande wa Kenya. Uliza masijala ya mahakama iliyo karibu nawe wanakosikilizia madai ya namna hiyo. Juu ya hapo kuna mahakama za mahakimu: Hakimu Mkazi anasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 5, na Hakimu Mkuu hadi KSh milioni 20. Yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Bungoma na Kitale. Tangu Machi 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao nchi nzima, hivyo usishangae karani akikurudisha na makaratasi yako ukayapakie kwanza.

Mdaiwa akiwa Uganda, usimpe mwendesha bodaboda samansi akamtupie dukani kwake. Unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ya kupeleka wito nje ya Kenya. Ombi lake huambatana na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini mahakama ya Kenya inahusika. Mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba mgeni aliye nje ya nchi haingii chini ya mamlaka yake kwa kupata habari tu kwamba ameshtakiwa. Lazima aitwe kwa njia ya sheria au akubali mwenyewe kufika. Kesi nyingi nzuri zimeangukia hapo, mapema kabisa, kabla ya mtu yeyote kuulizwa habari za maharagwe.

Na lile lori? Kama una ushahidi kwamba mdaiwa anaondoa mali yake Kenya ili kukwepa hukumu, unaweza kuomba mahakama iishike mali hiyo kabla ya hukumu kutolewa. Amri hiyo haitolewi ovyo. Hakimu atataka kuona kwamba una madai ya kweli na kwamba hatari ya mali kuondoka ni ya kweli pia. Picha ya lori likiwa na namba yake, nakala ya umiliki na ujumbe wa simu unaosema "siji tena Bungoma" ni vitu vyenye nguvu. Manung'uniko matupu hayatoshi.

Tazama pia kalenda. Madai ya mkataba Kenya yana ukomo wa miaka 6 tangu mkataba uvunjwe. Ahadi za "mwezi ujao" zinaweza kula miaka hiyo yote.

Kushtaki upande wa Uganda

Wapo wanaodhani kwamba mahakama ya Mbale itampendelea Mganda. Woga huo usikufanye upoteze pesa. Kushtaki pale mdaiwa anapoishi kuna faida kubwa: wito unamfikia bila ruhusa ya ziada, na hukumu ikitoka inatekelezwa papo hapo dhidi ya ghala lililo mtaa wa pili. Uganda nayo ina utaratibu wa madai madogo, kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi USh milioni 10, ambapo wadaawa hujieleza wenyewe. Kwa muuza vitunguu wa Kimilili anayedai kiasi kidogo, hiyo mara nyingi ndiyo njia fupi.

Kwa madai makubwa tafuta wakili mwenye leseni ya Uganda. Wakili wako wa Bungoma anaweza kukusaidia kumpata na kumwandalia jalada, lakini usimlipe mtu yeyote anayedai "nina watu wangu mahakamani Mbale". Ujue pia kwamba mlalamishi anayeishi nje ya nchi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya gharama za kesi, ili akishindwa mshindi asimkose. Mganda anayeshtaki Kenya anaweza kutakiwa vivyo hivyo. Tenga pesa hizo mapema.

Kuivusha hukumu

Zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na Mahakama ya Rufani moja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na mahakama zake. Daraja lililojengwa baadaye upande wetu ni Sheria ya Hukumu za Kigeni, Sura ya 43 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1984. Chini yake, hukumu za nchi zilizotajwa huandikishwa Mahakama Kuu ya Kenya na kutekelezwa kama vile zimetolewa hapa. Nchi hizo ni pamoja na Uganda, Tanzania, Rwanda, Malawi, Zambia, Ushelisheli, Australia na Uingereza.

Masharti makuu ni haya. Hukumu iwe ya mwisho. Iombewe kuandikishwa ndani ya miaka 6 tangu itolewe. Mdaiwa awe aliarifiwa kesi kwa wakati wa kutosha kujitetea. Hukumu isiwe imepatikana kwa ulaghai wala kwenda kinyume na maslahi ya umma ya Kenya. Na mahakama iliyoitoa iwe ilikuwa na mamlaka juu ya mdaiwa, kwa mfano kwa sababu alifika mahakamani, alikubali mamlaka hayo katika mkataba, au ana ofisi ya biashara huko.

Sharti hilo la mwisho lizingatie sana, kwa kuwa hata unapopeleka hukumu ya Kenya Uganda, swali la mamlaka litaulizwa. Ukipata hukumu Bungoma dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kufika, hakukubali kushtakiwa Kenya na hakuitwa ipasavyo, usitegemee kwamba Mbale wataipokea. Sentensi moja katika mkataba inaziba pengo hilo: "Wahusika wote wawili wanakubali mamlaka ya mahakama za Kenya." Iandike.

Vipi kuhusu nchi zisizo katika orodha? Malori ya Kitale hupanda Lodwar kuelekea Juba, na mizigo mingine huvuka Uganda hadi mashariki mwa Kongo. Sudan Kusini na Kongo hazimo katika orodha ya Sura ya 43. Mwaka 2016, katika kesi ya Jayesh Hasmukh Shah dhidi ya Navin Haria, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba hukumu ya nchi isiyo katika orodha bado inaweza kutekelezwa Kenya, ila kwa kufungua kesi mpya inayotegemea hukumu hiyo. Njia ipo, lakini ni ndefu, na inahusu hukumu zinazokuja Kenya. Kwa hukumu inayotoka hapa kwenda Juba, mfanyabiashara mwenye busara hujilinda kwa namna nyingine: analipwa kabla ya lori kuondoka Kitale, au benki inamhakikishia malipo.

Usuluhishi: kuchagua hakimu wenu wenyewe

Wahusika wakikubaliana kwa maandishi, mgogoro wao unaweza kuamuliwa na msuluhishi binafsi badala ya mahakama. Msuluhishi si mzee wa kuwapatanisha tu; anasikiliza ushahidi na kutoa uamuzi unaowafunga. Kenya inaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na tangu 2013 kuna sheria iliyoanzisha Kituo cha Nairobi cha Usuluhishi wa Kimataifa.

Faida yake kubwa kwa biashara ya mpakani ni Mkataba wa New York wa 1958. Nchi wanachama zimekubaliana kutambua na kutekeleza maamuzi ya usuluhishi yanayotolewa katika nchi nyingine wanachama. Tanzania iliingia mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992. Kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi uliotolewa Nairobi unaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Uganda ukatekelezwa, na sababu za kuukataa ni chache na zimeandikwa. Tofauti na hukumu za mahakama, mlango huo hauishii kwa majirani: nchi nyingi za dunia zimo, hata mnunuzi wako wa kahawa akiwa Ulaya.

Faida ya pili ni kwamba mwisho unakuwa mwisho. Anayetaka uamuzi ufutwe lazima aende Mahakama Kuu ndani ya miezi 3, na kwa sababu chache tu. Hoja kwamba msuluhishi alikosea kupima ushahidi kwa kawaida haisikilizwi. Katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel Kenya, msuluhishi alikuwa ametoa uamuzi wa zaidi ya KSh milioni 500, Mahakama Kuu ikaufuta. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba rufani kutoka hapo inaweza kuruhusiwa, lakini katika hali za kipekee tu. Somo kwako ni hili: mchague msuluhishi kwa uangalifu, kwa maana nafasi ya kusahihisha makosa yake ni finyu.

Hasara yake ni gharama. Hakimu analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, pamoja na chumba na makaratasi. Kwa deni la KSh 200,000 usuluhishi rasmi unaweza kumeza deni lenyewe. Kwa mkataba wa mamilioni, wa kusambaza mbegu au kuleta mahindi msimu mzima, gharama hiyo ina maana.

Kifungu kibovu cha usuluhishi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Hapa kuna mfano unaoweza kumpelekea wakili wako akaurekebisha:

"Mgogoro wowote utakaotokana na mkataba huu, ukiwemo mgogoro kuhusu uhalali au kuvunjika kwake, utajadiliwa kwanza na wahusika wenyewe kwa siku 14. Usipomalizika, utaamuliwa na msuluhishi mmoja kwa kanuni za Kituo cha Nairobi cha Usuluhishi wa Kimataifa. Wahusika wasipokubaliana juu ya msuluhishi, Kituo hicho kitamteua. Makao ya usuluhishi ni Nairobi, lakini vikao vinaweza kufanyika Bungoma. Lugha ni Kiswahili. Mkataba huu unaongozwa na sheria za Kenya."

Tazama kinachofanywa na kila sentensi. Kuna muda wa mazungumzo, ili mtu asikimbilie kesi kwa hasira. Kuna mtu wa kuteua msuluhishi mkikosana, kwa sababu wenye ugomvi hawakubaliani hata juu ya saa ya kukutana. Makao huamua ni mahakama za nchi gani zitasimamia usuluhishi, na ni tofauti na mahali pa vikao. Ndiyo maana mnaweza kukaa Bungoma na makao yakabaki Nairobi. Lugha imetajwa, asije mmoja akadai mkalimani kwa gharama ya mwenzake. Na ukishatia sahihi kifungu hiki, usikimbilie hakimu: mwenzako anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi na kuwarudisha kwa msuluhishi. Yeye naye lazima aombe mapema, anapoingia kwenye kesi, si baada ya kuanza kujitetea.

Upatanishi, na nafasi ya wazee

Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazitaka mahakama kukuza upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Tangu 2016 Mahakama imekuwa na mpango wake wa upatanishi, ulioanzia Milimani na kuenea vituo vingine. Mpatanishi haamui, anawasaidia mkubaliane. Makubaliano yakiandikwa na kupokelewa na mahakama, yanatekelezwa kama hukumu.

Katika mpaka wetu njia hii ina mizizi. Wazee wa Kibukusu na wa Kigisu wanajuana kwa koo na kwa tohara, na muuzaji aliyekataa simu zako mara ishirini anaweza kumheshimu mjomba mmoja wa Manafwa. Watumie. Lakini msimalizie kikao kwa kushikana mikono. Andikeni nani atalipa, kiasi gani, kwa sarafu gani, tarehe zipi, na nini kitafuata akishindwa. Kila mmoja atie sahihi, na mashahidi wa pande zote mbili pia. Kama kesi iko mahakamani, maneno hayo yapelekeni mbele ya hakimu yawe amri ya makubaliano. Karatasi hiyo ndiyo itakayovuka mpaka. Maneno ya wazee hayavuki peke yake.

Mkosaji akiwa serikali

Wakati mwingine mwenzako hana kosa. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yalikwama mpakani, na swali likawa nani abebe hasara. Mkataba usiosema chochote huwaachia wahusika ugomvi. Weka kifungu kinachosema: amri ya serikali ikizuia mzigo, amana irudishwe ndani ya siku fulani, gharama za lori zigawanywe hivi, na upande unaopaswa kupata vyeti ni huu.

Kama amri yenyewe ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, iliyozinduliwa mwaka 2001. Mkaazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, anaweza kuishtaki serikali huko. Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua kwa upande wa kampuni ya British American Tobacco Uganda kwamba ushuru wa Uganda uliozitoza zaidi sigara zilizotengenezwa nchi nyingine za Jumuiya ulivunja Mkataba. Lakini muda ni mfupi kupindukia: miezi 2 tangu amri itolewe au tangu uijue. Wengi hupoteza haki yao wakiandika barua kwa wizara.

Usipeleke Arusha deni la maharagwe. Mahakama hiyo haisikilizi kesi ya kawaida ya mtu na mtu. Kuna mlango mmoja tu: mkataba wa biashara ukisema kwamba mgogoro utasuluhishwa na mahakama hiyo, majaji wake wanaweza kukaa kama wasuluhishi, na wadaawa hawawalipi ada ya usuluhishi. Kwa wafanyabiashara wa nchi mbili ambao kila mmoja anaogopa mahakama za mwenzake, huo ni uwanja wa kati unaostahili kufikiriwa.

Njia ya panya haina mahakama

Wazee wa Mlima Elgon wanaikumbuka Chepkube. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikamiminika Kenya kwa magendo kupitia soko hilo dogo la mpakani. Wapo waliotajirika kwa miezi. Wapo pia waliodhulumiwa, na hawakuwa na pa kwenda, kwa maana aliyeuza kahawa ya magendo angemwambia nini hakimu?

Sheria juu ya biashara ya magendo haijabadilika. Mahakama haitekelezi mkataba ambao wahusika waliuweka ili kukwepa forodha. Mzigo uliopita mtoni usiku hauna karatasi ya forodha, na bila karatasi hiyo kesi yako inaweza kufa hata kama mwenzako anakiri mbele ya watu kwamba anadaiwa. Nawasihi hasa kina mama wanaobeba mizigo midogo: Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa bidhaa zinazotoka nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Fomu hujazwa pale pale mpakani. Karatasi hiyo ya dakika chache ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakamani usemi huo ni kweli tupu. Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, fanya haya:

Mjue unayefanya naye biashara. Pata nakala ya kitambulisho chake. Kwa Mganda ni ile wanayoiita ndaga muntu. Kama ni kampuni, itafutwe kwa msajili wa kampuni wa nchi yake. Kesi dhidi ya "Mzee wa lori la bluu" haitekelezwi.

Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: aina ya bidhaa, uzito wa gunia, unyevu unaokubalika, bei na sarafu yake, mahali na siku ya kupokea, nani analipa ushuru, mahakama au usuluhishi wa nchi gani.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Taarifa ya benki na ya pesa za simu huonyesha jina, tarehe na kiasi. Ukilazimika kulipa taslimu, mpokeaji atie sahihi.

Pima mzigo ukifika, mbele ya dereva. Gunia likipungua kilo au likiwa na unyevu, andika kwenye hati ya kupokelea mzigo, dereva atie sahihi, piga picha, na umwarifu muuzaji siku hiyo hiyo. Ukinyamaza wiki mbili kisha ukalalamika, utaambiwa uliupokea na kuukubali.

Hifadhi ujumbe wa simu ukiwa ndani ya simu yenyewe. Picha za skrini zilizochapishwa zinahitaji cheti maalumu ndipo zipokelewe kama ushahidi. Wakili wako atakiandaa, lakini hawezi kurudisha ujumbe uliofutwa.

Na mambo yakiharibika, tuma barua ya madai mapema, ya adabu, yenye kiasi, sababu na siku ya mwisho ya kulipa. Madeni mengi hulipwa hapo, mara mdaiwa anapoona kwamba unayajua mambo yako.

Ndugu mfanyabiashara wa Chwele, Kimilili, Endebess na Kitale, sheria za kukulinda zipo pande zote mbili za mpaka, na zinatekelezeka. Zinamsaidia aliyejiandaa. Msimu huu, kabla hujatuma amana, andika majibu ya maswali matatu: huyu ni nani, mali yake iko wapi, na tukikosana tutaamuliwa wapi. Ukikosa hata jibu moja, usitume pesa.